Msuguano wa hewa kwenye ukuta wa modeli: mrija au mafuta?

Umeuliza kama mrija wa Preston (kale kamrija kembamba kanakolazwa ukutani, mdomo ukiukabili upepo) unatosha kupima msuguano wa hewa juu ya modeli yako ndani ya handaki la upepo. Kwenye bamba bapa ndio, unatosha kabisa, ila ujue ule mrija haupimi msuguano wenyewe, unapima presha tu halafu wewe unakisia msuguano ukiamini kwamba hewa ya karibu na ukuta inafuata ile kanuni ya kawaida ya mtiririko wa vurugu, sasa ukifika sehemu hewa inakaribia kubanduka kutoka ukutani kanuni hiyo inavunjika na namba zako zinakuwa za uongo.

Mimi ningekwambia tumia tone la mafuta ya silikoni. Unalidondosha juu ya kioo cheusi, unawasha upepo, unamulika kwa taa ya sodiamu (mwanga wa nanomita 589 hivi) na tone linaanza kutandazwa kuwa jembamba, hapo utaona mistari ya njano na nyeusi inajipanga pembeni na kuachana polepole, aisee ni kitu kizuri sana kukiona kwa macho. Kasi ya mistari kuachana ndiyo inakupa msuguano moja kwa moja, ukishajua mnato wa mafuta (yaani uzito wake wa kutiririka).

Na hapo kwenye mnato ndipo wengi wanapoharibu. Unabadilika karibu asilimia 2 kwa kila digrii 1, kwa hiyo pima joto la kioo chenyewe, sio la chumba. Vumbi nalo futa vizuri, punje moja tu inachana mistari yote nyuma yake.