Kabla ya seva, nenda apariterati

Kijana mmoja ameniandikia kutoka Kolwezi, huku kwetu Kongo. Amekabidhiwa mradi wa kuhamishia usajili na alama za wanafunzi kwenye kompyuta katika chuo chao cha umma, na swali lake kwangu, mkubwa wake, ni moja: "Yaya, tununue programu gani?"

Miaka kadhaa iliyopita, chuo kimoja cha umma hapa Lubumbashi kilinipa kazi hiyohiyo, nami nikaanza na swali hilohilo. Nilichagua seva, nikachora mtandao wa nyaya, nikaenda kwenye vikao nimevaa suti. Miezi ya kufunga vifaa siisimulii, sote tunaijua. Katika muda wote huo sikuketi apariterati, yaani ofisi inayosajili wanafunzi, hata nusu siku.

Siku ya kwanza ya usajili foleni ilizunguka jengo. Mwanafunzi anatoa borderoo ya minervali, yaani stakabadhi ya benki ya karo, mashine inasema hayupo. Orodha tulizitoa kwenye Excel, nayo ilikuwa imekula sifuri za mwanzo za matrikule, namba ya usajili ya mwanafunzi: 00417 ikawa 417. Halafu majina. Kwetu mtu ana jina, postnomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza, kama la ubatizo), na kila karani aliyaandika kwa mpangilio wake. Ilunga Kabwe na Kabwe Ilunga wakawa wanafunzi wawili, mmoja amelipa, mwingine anadaiwa.

Mama mmoja wa apariterati, aliyekaribia kustaafu, alivuta daftari lake kubwa lililoshikwa na gundi ya karatasi mgongoni. Akapitisha rula chini ya mistari, ikasimama. "Huyu hapa." Kisha akanigeukia: "Mwanangu, si ungeniuliza?"

Sikupata la kujibu. Mchana umeme ukakatika, ondileri, ile betri ya akiba, ikashikilia dakika chache, jenereta ikawa haina mazuti (dizeli), kwa sababu mazuti hayakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Nilirudi kwa mama yule, nikakaa naye wiki kadhaa. Tukatenga safu tatu za majina. Matrikule tukaiweka kama maandishi, si namba. Usajili uliofuata foleni ilikwisha kabla ya saa sita, na hilo najivunia mpaka leo. Siku ya uzinduzi rasmi walitajwa wakubwa wote na wafadhili. Mimi sikutajwa, wala yeye. Alikuwa amevaa kitenge kipya siku hiyo. Linaniuma bado.

Basi mdogo wangu, usianze na programu. Za bure zipo na ni nzuri, Moodle kwa masomo, Koha kwa maktaba, lakini hakuna hata moja itakayokuambia nani ana haki ya kubadilisha alama baada ya deliberasheni, kikao cha kupitisha matokeo. Hilo liandikwe na kutiwa saini kabla hujawasha mashine. Kwa LMD, mfumo wa digrii wa licence, master na doctorat, mwaka una krediti 60, na kozi ambayo hakufaulu inaweza kumfuata mwanafunzi mwaka unaofuata. Alama moja ikiguswa kimyakimya, unamharibia mtoto wa watu safari nzima.

Kaa na wenye daftari. Anza na kitivo kimoja, daftari likiendelea sambamba mwaka mzima. Weka nakala tatu za data, moja nje ya jengo, na kila mwezi jaribu kuirudisha moja uone kama inafunguka. Mazuti yaingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Na tena nasema, kaa na wenye daftari! Tuache kununua kompyuta kwa ajili ya picha za uzinduzi. Pesa hiyo imetoka kwa mzazi anayeuza unga kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kopo kwa kopo, ili mwanawe asajiliwe.

Ukishakaa apariterati wiki moja, niandikie tena. Uniambie daftari linashikwa na nani, na anaandika jina lipi kwanza.