Je, hii ndiyo sura ya Richard Moyo wa Simba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kitabu cha mwanangu kuna picha ya Mfalme Richard Moyo wa Simba wa Uingereza, ana taji na ndevu. Chini imeandikwa: Blondel, 1841. Mtoto ameniuliza kama ndivyo mfalme alivyokuwa, nikakosa jibu. (Mama wa darasa la sita)

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie kwanza apige hesabu. Richard alifariki Aprili 1199, kwa jeraha la mshale alilolipata akiizingira ngome ya Châlus. Mchoraji, Mfaransa Merry-Joseph Blondel, alizaliwa 1781. Hapo katikati pana miaka 582. Sura hiyo ni ya kubuni.

Nami iliniteka. Nilipokuwa mwanafunzi niliinakili kwa penseli, nikahangaika na zile ndevu jioni nzima, nikiamini namchora mfalme mwenyewe. Rangi za mafuta zina nguvu hiyo: mchoraji hupaka tabaka juu ya tabaka mpaka chuma king'ae na ngozi ionekane ina damu, na jicho lako linakubali.

Baadaye nikajiuliza: Mfaransa ana nini na mfalme wa Uingereza? Mwaka 1837 Mfalme Louis-Philippe alifungua makumbusho ya historia ya Ufaransa ndani ya kasri la Versailles, na kuta zilikuwa nyingi. Watu wa Zama za Kati ambao hawakuacha picha wakachorewa mpya, Richard akiwamo. Na Richard hakuwa mgeni kule. Alitawala Normandy na Aquitaine, ambazo leo ni sehemu za Ufaransa, alisema Kifaransa, na katika miaka 10 ya ufalme wake alikaa Uingereza kama miezi 6 tu! Hilo kitabu cha shule hakikuniambia, na bado linaniuma.

Ukitaka kumsogelea zaidi, mtafutie mtoto picha ya sanamu ya jiwe ya kaburi lake, katika abasia (nyumba ya watawa) ya Fontevraud, Ufaransa. Amelala na taji lake, karibu na baba yake Henry II na mama yake Eleanor, ambaye ameshika kitabu. Ila wachongaji wa enzi zile walijali taji na fimbo ya enzi kuliko pua ya mtu.

Kuna masimulizi ya zamani ya Vita vya Msalaba yanayosema alikuwa mrefu, nywele zake kati ya wekundu na dhahabu. Mpe mwanao penseli nyekundu na ya njano, amchore wa kwake.