Mchoro wa penseli: acha kufuta weupe wa karatasi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Moshi, nachora kwa penseli. Nimemchora mama akichuma kahawa, nikaenda steshenari wakaniskania, kisha nikafuta weupe wote kwa fimbo ya uchawi (kifaa kinachochagua sehemu zenye rangi inayofanana) ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, ili nipake rangi kwenye leya, yaani tabaka, ya chini. Sasa kila mstari una ukingo mweupe, na vivuli vya usoni vimepotea. Rafiki ananishauri ninunue programu inayosafisha mistari yenyewe. Ninunue?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Na hiyo hatua ya kufuta weupe iache kabisa, maana ndiyo iliyokuharibia kazi. Swali hili naletewa hapa Arusha kila mara, na karibu kila anayelileta amefundishwa vilevile: ondoa karatasi kwanza, rangi baadaye. Anayefundisha hivyo hajawahi kuukuza mstari wa penseli kwenye skrini akautazama.

Ukuze wako hadi asilimia 800. Utaona hauna ukingo. Katikati ni kijivu kilichokoza, pembeni kinafifia kidogo kidogo mpaka kinaishia kwenye karatasi. Fimbo ya uchawi lazima ikate mahali fulani, na popote itakapokata itakosea. Ukiibana, inaacha pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, za kijivu chepesi ambazo ni nusu penseli nusu karatasi; ukiweka kijani cha majani ya kahawa chini yake, zinang'aa nyeupe. Ukiilegeza, inakula michirizi myepesi uliyoiweka shavuni. Ndiyo maana wewe umepata hasara zote mbili kwenye mchoro mmoja.

Weupe hauhitaji kufutwa. Weka leya ya mchoro juu, ibadilishe kutoka hali ya kawaida iwe ya kuzidisha, ile iliyoandikwa Multiply kwenye menyu, kisha paka rangi kwenye leya za chini. Kompyuta inafanya hesabu ndogo tu: thamani ya pikseli ya juu inagawanywa kwa 255, halafu inazidishwa na rangi iliyo chini. Nyeupe ni 255, kwa hiyo inakuwa moja, na rangi ya chini inabaki kama ilivyo. Nyeusi ni sifuri, inabaki nyeusi. Kijivu cha 128 kinaipunguza thamani ya rangi karibu nusu. Kwa hiyo kila mchirizi wa shavuni unageuka kivuli cha ngozi, na wewe hujafuta hata pikseli moja.

Penye kazi ni kwenye skani. Karatasi haitoki nyeupe kamili. Mara nyingi ina kijivu au umanjano kidogo, na huo utazifubaza rangi zote. Fungua marekebisho ya viwango vya mwanga, usogeze alama ya weupe taratibu mpaka karatasi iwe safi, na ukome kabla mchirizi mwepesi kuliko yote haujaanza kukatika. Wa steshenari nao wana tabia ya kuskani mchoro kama cheti cha kuzaliwa, nyeusi na nyeupe tupu. Waambie waweke kijivu, dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi. A4 itatoka na pikseli kama 2480 kwa 3508. Wakikutumia kwa WhatsApp watume kama dokyumenti, la sivyo picha itabanwa. Ukishaifungua ndani ya GIMP igeuze iwe RGB, yaani hali ya picha ya rangi, maana ikibaki ya kijivu kila rangi utakayopaka itatoka kijivu. Baada ya hapo ngozi ipe leya yake, kanga yake, majani yake, tenga lake.

Sasa hili la kununua. Naona vijana wanaochora vizuri mno wakilipia programu zilizovunjwa za kwenye flashi na "brashi za siri" za watu wasiowahi kumaliza hata picha moja. Siri ipi? Leya zimo kwenye Photoshop tangu toleo la 3.0 la mwaka 1994, na GIMP na Krita ni za bure. Zile programu za simu zinazopaka rangi kwa mguso mmoja zinakisia, na mara nyingi zinauchora uso upya. Unampeleka mama uliyemtazama shambani ukamchora kwa saa nzima, unarudishiwa mama mwingine, michirizi yako haipo.

Linaloniuma kuliko yote ni wale wanaoambiwa wapitishe kalamu nyeusi juu ya penseli ili "kompyuta isome vizuri". Skani ikiharibika unaskani tena. Karatasi ikishapigwa wino, vivuli vyake vimekwenda. Mchoro wako bado ni mzima, kwa hiyo urudishe steshenari ukaskaniwe upya, na atakayekuambia uupitishie kalamu kwanza, usimsikilize.