Plagini Nzuri Isiyotumika: Maswali ya Watengenezaji wa Programu za Muziki

Wasomaji wanaoandika programu za muziki, au wanaojifunza kuziandika, wametuletea maswali yanayokaribiana: urembo wa skrini uishie wapi ili kazi iweze kufanyika? Msimamo wetu tunautaja mapema. Mtu wa studio anafanya kazi kwa masikio. Macho na mkono vinamsaidia tu. Pambo linaloita macho bila kuyapa habari yoyote linampunguzia usikivu, na hilo ndilo tunalolipima katika kila jibu.

SWALI: Wahariri, hamjambo? Nimeandika plagini (programu ndogo inayoongezwa ndani ya programu ya kurekodi muziki) ya kompresa, yaani ya kubana sauti zinazopanda mno. Nimechora nobu (vitufe vya kuzungusha) 14 za chuma zinazong'aa, skrubu kwenye pembe nne na taa nyekundu. Nikiweka picha mtandaoni watu wanasifu, lakini maprodyuza wakishaijaribu wanarudia ile ya bure iliyokuja na programu yao. Nifute urembo wote?
Mwandishi wa programu, Ntinda, Kampala

JIBU: Usifute wote. Mtu huiona plagini kabla hajaisikia, na sura inayofanana na mtambo anaoufahamu humwonyesha pa kuanzia. Programu ya ReBirth ya kampuni ya Propellerhead ilipotoka miaka ya 1990 ilichora kwenye skrini mashine za muziki za Roland TB-303 na TR-808, na aliyewahi kuzigusa mashine zenyewe alijua pa kuweka mkono. Mwaka 2000 kampuni hiyohiyo ilitoa Reason: ukibonyeza Tab, raki (rafu ya mitambo iliyochorwa) inageuka na nyaya za nyuma zinaonekana. Nyaya zile ni urembo, lakini pia zinakuonyesha sauti inatoka wapi na inaingia wapi. Mwaka mmoja baadaye ikaja programu ya Ableton Live, haina chuma wala mbao, nayo ikapendwa sana. Kwa hiyo chuma hakina kosa. Pitia kila ulichochora, ujiulize kinamwambia nini mtumiaji. Skrubu hazimwambii kitu; zifanye ndogo na hafifu, au zitoe. Mng'ao unaofunika mshale wa nobu unaficha kile hasa alichokuja kukitazama, na huo uutoe bila kusita.

Sasa nobu zenyewe, maana tunadhani ndizo zinazowafukuza maprodyuza wako. Usimlazimishe mtu kuzungusha mausi kwa duara kana kwamba ameshika nobu ya kweli. Karibu na kitovu, pikseli mbili tatu hubadilisha pembe sana na thamani inaruka. Aburute juu na chini, pikseli 200 hadi 250 kwa safari nzima. Akishikilia Shift, safari irefuke mara kumi kwa marekebisho madogo. Akibofya mara mbili, nobu irudi kwenye thamani ya mwanzo. Akibofya namba, aweze kuiandika. Hakuna hata moja kati ya haya linalogusa mchoro wako. Ukitumia JUCE, maktaba ya C++ ya kuandika programu za sauti, mengi yamo tayari ndani ya sehemu yake iitwayo Slider. Aina ya kuchagua ni RotaryHorizontalVerticalDrag.

Halafu kuna mgawanyo wa safari, ambao hauonekani kwenye picha na ndio unaochosha mkono kuliko yote. Chukua ataki (muda ambao kompresa huchukua kuanza kubana) inayoanzia milisekunde 0.1 hadi 100. Ukiigawa sawasawa kwenye pikseli 200, eneo lote la chini ya milisekunde 10, ambako ngoma na sauti za waimbaji hurekebishwa, linabaki na pikseli 20 tu. Mtu akisogeza kidogo, amelipita. Ukiigawa kwa logi (logarithm), 0.1 hadi 1, 1 hadi 10, na 10 hadi 100 zinapata pikseli 67 kila moja, na katikati ya nobu panakuwa milisekunde 3.16. Katika JUCE mpe setSkewFactorFromMidPoint namba hiyo. Haitakupa logi kamili, lakini itakaribia vya kutosha. Masafa ya ekwalaiza yana kasoro hiyohiyo, tena mbaya zaidi: kutoka hezi 20 hadi 20,000, mgawanyo sawa unaipa besi yote ya chini ya hezi 200 chini ya asilimia 1 ya safari. Kwa logi inapata theluthi moja.

Mshale wa nobu uwe na upana wa pikseli 3 au zaidi, uanzie nusu ya kipenyo na kufika ukingoni. Namba ionekane chini ya nobu wakati wote. Ikijitokeza tu mausi yanapopita juu, mtu hawezi kulinganisha nobu mbili kwa mtupo mmoja wa macho.

Na hizo 14 ni nyingi. Kompresa inaendeshwa na tano: kizingiti (kiwango ambacho kubana huanzia), uwiano wa kubana, ataki, rilisi (muda wa kuacha kubana) na gaini ya kutokea. Tisa zilizobaki zipeleke kwenye paneli ya pili inayofunguka kwa kitufe kimoja. Nafasi utakayoipata ipe mita ya kubana, kwa sababu swali la prodyuza muda wote ni moja: sauti inashuka desibeli ngapi sasa hivi? Mita hiyo ndiyo iwe kitu kikubwa kuliko vyote kwenye dirisha, na desibeli 10 za kwanza zipewe theluthi mbili za urefu wake, kwani kazi nyingi hufanyika humo.

SWALI: Natengeneza programu ya simu ya kuwafundisha watoto kupiga amadinda, ala ya mbao za kugonga ya Buganda. Mwenzangu anataka mbao zichorwe kama zilivyo. Mimi naona vitufe vya rangi vitaeleweka haraka. Nani yuko sahihi?
Mwalimu wa muziki, Masaka

JIBU: Dada, mchoro wa mbao una faida zaidi, ilimradi uchukue kutoka kwenye ala yale yanayoiongoza mikono ya wapigaji. Amadinda ina mbao 12 zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Ndefu ni za sauti ya chini, fupi za sauti ya juu. Urefu huo tayari ni maelekezo, na vitufe vyenye ukubwa mmoja vinaufuta. Mstari wa nyuzi za mti wa lusambya unaweza kuufifisha. Tofauti ya urefu iache ionekane wazi.

Jambo kubwa zaidi ni mahali pa kugonga. Wapigaji wa amadinda hugonga ncha za mbao, nao hukaa wakitazamana: omunazi upande mmoja, omwawuzi upande wa pili, kila mmoja akijaza nafasi zilizoachwa na mwenzake. Omukoonezi ana mbao mbili za juu kabisa, akiziitikia kwa juu noti zinazopigwa kwenye mbao mbili za chini kabisa. Basi ncha za juu za skrini ziwe za mmoja, ncha za chini za mwingine, kila upande na rangi yake. Watoto wawili wanaweza kuiweka simu au tableti mezani katikati yao na kupishana kama inavyopigwa. Katikati ya ubao acha patupu. Mtoto akigusa hapo pasilie, ajifunze pa kupiga.

Vipimo ni hivi. Simu nyingi za bei nafuu zina upana wa takriban dp 360 (dp ni kipimo cha Android kisichotegemea msongamano wa pikseli) zikisimama. Gawa kwa 12, kila ubao unapata dp 30, wakati Android inashauri sehemu ya kugusa isipungue dp 48. Ilaze simu: dp 800 kwa 12 ni takriban 67, inatosha. Izuie programu isigeuke simu ikisimamishwa wima.

Sauti itoke kidole kinapogusa. Vitufe vya kawaida vya Android husubiri kidole kinyanyuke, na kwenye ala ya kupishana hilo linaua somo. Tuseme kila mpigaji anagonga mara 300 kwa dakika: kuna milisekunde 200 kati ya pigo na pigo, na pigo la mwenzake linaangukia kwenye 100. Sauti ikichelewa kwa 50 haijulikani tena ni zamu ya nani. Tumia Oboe, maktaba ya sauti ya Android, kwa njia ya sauti yenye ucheleweshaji mdogo. Mchoro wa ubao kutikisika uje baada ya amri ya sauti, kamwe usitangulie.

Tahadhari ya mwisho: usiweke gridi ya piano nyuma ya somo. Okteva ya amadinda ina hatua tano zinazokaribiana kwa upana, takriban senti 240 kila moja (okteva nzima ni senti 1200), na nusu-toni za piano ni za senti 100. Chora mistari mitano kwa okteva, na sauti zirekodiwe kutoka ala moja bila kuzivuta zilingane na piano.

SWALI: Nikifungua dirisha la plagini yangu sauti inaanza kukwaruza, nikilifunga inatulia. Laptopu ina RAM ya gigabaiti 4. Nimeweka mita zenye vivuli laini na picha ya masafa inayocheza.
Mwanafunzi, Jinja

JIBU: Hesabu kwanza. Kwa bafa (fungu la sauti linaloandaliwa kwa mkupuo) ya sampuli 256 na kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, kila fungu la sauti lazima liwe tayari ndani ya milisekunde 5.8. Kuchora dirisha zima lenye vivuli kunaweza kuchukua milisekunde 12 kwenye laptopu isiyo na kadi ya picha. Kama sehemu ya picha imeshika kufuli (kizuizi kinachoruhusu sehemu moja tu kuigusa data kwa wakati mmoja) ambalo sehemu ya sauti inalisubiri, mafungu mawili yamekwisha kupotea, na hiyo ndiyo mikwaruzo unayoisikia.

Tafuta mkosaji hivi: acha dirisha wazi, zima saa inayoamuru kuchora. Sauti ikitulia, rudisha kipande kimoja kimoja: mita bila kivuli, kisha kivuli, kisha picha ya masafa. Kitakachorudisha mikwaruzo ndicho cha kutibu.

Sehemu ya sauti isishike kufuli wala isiombe kumbukumbu mpya wakati inafanya kazi. Kiwango cha mita kiandikwe kwenye namba ya atomiki (inayoandikwa na kusomwa kwa hatua moja, bila kufuli) na picha iisome kwa wakati wake. Sampuli za picha ya masafa zipitie foleni isiyo na kufuli, na hesabu yake ifanyike upande wa picha. Chora mara 30 kwa sekunde, yaani startTimerHz(30) katika JUCE, jicho halitalalamika. Chora upya mstatili wa mita peke yake. Usuli pamoja na vivuli vyake vihifadhi kama picha moja iliyokwisha chorwa, na uvichore upya dirisha linapobadilika ukubwa tu.

Kwa RAM ya 4, angalia pia picha za nobu. Utepe wa fremu 128 (picha za nobu katika kila pembe) za pikseli 80 kwa 80, baiti 4 kwa kila pikseli, ni zaidi ya megabaiti 3 kwenye kumbukumbu. Ukiuandaa kwa skrini zenye msongamano maradufu unafika 13. Hiyo ni aina moja ya nobu. Nobu iliyochorwa kwa vekta (maelezo ya mistari badala ya pikseli) haibebi mzigo huo.

SWALI: Habari za kazi. Nimetengeneza ukurasa wa kuendesha mixer ya kanisa kwa tableti. Ndani ya jengo unapendeza, rangi nyeusi na kijivu. Tukiwa kwenye ibada ya uwanjani sioni kitu, na juzi nusura nizime maiki ya mhubiri.
Fundi wa sauti, Arua

JIBU: Kwa mfano, maandishi ya kijivu #555555 juu ya usuli mweusi #1A1A1A yana tofauti ya mwanga ya takriban 2.3 kwa 1. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na watu wote, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa vitufe na mistari ya feda (vitelezi vya kiwango cha sauti). Hivyo ni viwango vya chini kabisa. Kwa jua la saa saba mchana lenga 7 au zaidi. Weka sura ya pili yenye usuli mweupe na herufi nyeusi, na kitufe cha kubadilisha kionekane wakati wote, kisifichwe kwenye menyu.

Kitufe cha kuzima maiki kisitegemee rangi peke yake. Wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani, na jua huzifubaza zote mbili. Kikiwashwa kijae rangi na neno lake libadilike. Kikizimwa kibaki na mpaka tu. Maiki ya mhubiri ipewe ulinzi: izimike kwa kushikilia kidole nusu sekunde.

SWALI: Dirisha la programu yangu lina pikseli 1400 kwa 900. Wateja wa Mbarara wanasema sehemu ya chini haionekani. Nipunguze?
Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndiyo. Laptopu nyingi zilizotumika zina skrini ya 1366 kwa 768, na upau wa kazi wa Windows pamoja na kichwa cha dirisha hula karibu 70 kwenda chini. Anza na 1000 kwa 600, kisha toa ukubwa wa asilimia 75, 100, 125, 150 na 200, programu ikumbuke chaguo la mtu. Picha za pikseli zitafifia zikikuzwa, kwa hiyo hamia vekta, kama programu ya muziki ya FL Studio ilivyofanya kwenye toleo la 12 mwaka 2015. Herufi zako ndogo kabisa ziwe pikseli 14 kwenye asilimia 100. Ukianza na 12, atakayechagua 75 atabaki na 9, na hapo namba 3 na 8 hazitofautiani.