Maswali ya Wasomaji: Kimeng'enya Kimoja, Sukari Mbili

SWALI: Nimesoma kwamba kijidudu Sulfolobus solfataricus huvunja glukosi na galaktosi kwa vimeng'enya vilevile. Mbona tulifundishwa kila kimeng'enya kina sukari yake, kama kufuli na ufunguo? Halafu nikipima dehidrojenesi yake, kimeng'enya kinachoing'oa sukari hidrojeni, kwa nyuzijoto 25, karibu haifanyi kazi. Imeharibika?

JIBU: Haijaharibika, imepoa tu. Kijidudu hiki kilipatikana kwenye chemchemi za salfa za Solfatara, karibu na Napoli, Italia, na hustawi kwenye nyuzijoto 80 hivi, tena ndani ya asidi. Protini zake zimefungamana sana ili zisifumuke, na zikipoa hukakamaa, haziwezi kujikunja na kuishika sukari. Pima kwa nyuzi 70. Pasha bafa (maji yanayotunza pH) kwanza, funika kyuveti (kichupa cha kupimia) maji yasipungue, kimeng'enya kitie mwisho. Kama ni bafa ya Tris, pH yake hushuka takriban 0.03 kwa kila nyuzi inayopanda: ile uliyoiweka 8.0 kwa nyuzi 25 itakuwa chini ya 7 ikifika 70. Irekebishe ikiwa ya moto. NADPH, molekuli inayopokea hidrojeni hiyo na ambayo ndiyo unayoipima, nayo huoza kwenye joto, kwa hiyo pima sambamba kyuveti isiyo na kimeng'enya, utoe tofauti.

Sasa kufuli na ufunguo. Glukosi na galaktosi zinatofautiana mahali pamoja tu, kaboni namba 4, kwa upande ambao kikundi cha OH kimeelekea. Dehidrojenesi huzigeuza kuwa glukonati na galaktonati, kimeng'enya cha pili, dehidratesi, huondoa molekuli moja ya maji, zinabaki KDG (kutoka glukosi) na KDGal (kutoka galaktosi). Kisha kimeng'enya cha tatu, aldolesi, hukata kati ya kaboni ya 3 na ya 4. Hapo ndipo penye uzuri wote: ile kaboni ya 4 inageuka kuwa aldehidi, na aldehidi haina OH ya kuelekea huku wala kule. Sukari zote mbili hutoa piruvati na gliseraldehidi ileile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walilionyesha hili mwaka 2003.

Aldolesi hiyo ukiiendesha kinyumenyume, ikaunganisha piruvati na gliseraldehidi, hutoa KDG na KDGal kwa pamoja. Kipimo cha rangi cha asidi ya thiobabituriki hakitakusaidia kuzitofautisha, maana zote huleta rangi ya waridi. Zitenganishe kwa kromatografia.