Jibu: Kulazwa kwa ajili ya kipandauso kunagharimu nini?

Ndugu aliyeanzisha mada ameuliza inakuwaje maumivu ya kichwa, ambayo wengi huyamaliza kwa vidonge viwili vya parasetamoli, yawe mzigo kwa hospitali za umma. Nitajibu kama mgonjwa. Kati ya mwaka 2016 na 2018 nililazwa mara tatu kwa kipandauso (migreni, maumivu makali ya kichwa yanayojirudia) katika hospitali moja ya mkoa, na mara zote aliyelipa ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unaochangiwa asilimia 3 ya mshahara wetu watumishi na asilimia 3 ya mwajiri, ambaye kwetu sisi walimu ni Serikali yenyewe.

Mara ya tatu, nilipopata nafuu kiasi cha kuweza kutazama mwanga, muuguzi aliniletea fomu ya madai nitie saini, nami kwa ubishi wa kiualimu nikaisoma yote kabla ya kushika kalamu: kumwona daktari, kitanda siku mbili, kipimo cha malaria, Widali (kipimo cha taifodi), chupa tatu za dripu, antibiotiki, na picha ya CT ya kichwa, ambayo ilitoka safi kama ilivyotoka safi mwaka uliotangulia. Kilichonituliza hasa kilikuwa mistari miwili ya chini kabisa, sindano ya diklofenaki na ya kuzuia kutapika, ambazo bei yake mbele ya ile picha ni nauli ya daladala.

Silaumu kupimwa. Kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, au kinachoambatana na homa na shingo kukakamaa, au na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni lazima kichunguzwe, tena haraka. Kasoro ni kwamba dalili zangu zilikuwa zilezile kila mara, lakini niliruhusiwa mara kwa jina la malaria, mara taifodi, mara uchovu. Hivyo kila niliporudi tulianza upya, na Mfuko ukalipa upya.

Aliyelitaja jina la kipandauso ni tabibu wa kituo cha afya. Aliniuliza swali ambalo wodini sikuwahi kuulizwa: kwa mwezi unameza dawa za maumivu siku ngapi? Tulihesabu, zikafika kama 20. Akanieleza kwamba dawa za kawaida zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huzalisha maumivu ya kichwa. Akaniachisha, akahakikisha sina pumu, kisha akanianzishia propranololi, dawa ya siku nyingi ya presha ambayo pia hukinga kipandauso.

Bado hunipata, pengine mara mbili kwa mwezi, nikajifungia gizani hadi kipite, lakini wodini sijarudi. Fomu niliyotia saini siku ile pale kituoni ilikuwa na mistari miwili tu: kumwona tabibu, na propranololi.