Aliyepaliwa na aliyekabwa si mmoja

Mkuu, umeuliza mtu akikabwa na nyama apewe maji au agongwe utosini, kama bibi zetu walivyotufanyia. Maji hapana, utosi nao hapana.

Mimi yalinikuta msibani Tukuyu. Masinia ya ndizi nyama yameshafika, mvua ya Rungwe inagonga turubai. Shemeji yangu alikuwa anasimulia huku mdomo umejaa, akakatika katikati ya neno. Hakukohoa hata kidogo. Akasimama, mkono shingoni, macho yamemtoka, mdomo wazi na sauti hakuna. Mzee mmoja akasema, "Amepaliwa huyo, mpeni maji." Kikombe kikaletwa, maji yote yakaishia kwenye shati.

Aliyepaliwa anakohoa, maana yake hewa inapita; mhimize akohoe, usimpige. Asiyeweza kukohoa wala kusema, njia imeziba, na hapo ni suala la dakika.

Kazini tuliwahi kufundishwa (siku ile nilisinzia nusu ya somo). Nikamwinamisha, mkono mmoja kifuani, nikampiga kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Wapi. Nikaenda nyuma yake, nikaweka ngumi juu kidogo ya kitovu, nikaishika kwa mkono wa pili, nikavuta ndani na juu kwa nguvu. Jamaa ana tumbo, mikono ilikutana kwa shida. Mara ya 3 pande la nyama ya mishipa, refu kama kidole gumba, likaruka hadi kwenye sinia. Lisingetoka ningerudia, 5 mgongoni, 5 tumboni. Mjamzito, au mtu usiyeweza kumzungushia mikono, vuta kifuani.

Kichanga chini ya mwaka 1 usimguse tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, mgonge mgongoni mara 5. Mgeuze, bonyeza kifua kwa kitako cha kiganja kimoja mara 5. Na usichokiona kinywani usikitafute kwa kidole, utakisukuma ndani.

Akizimia, mlaze chali uanze kumbonyeza kifua, mwingine apige 112 na kusaka gari. Wewe usiache kubonyeza ukakimbilie gari. Barabara zetu za masika unazijua.

Shemeji tulimpeleka hospitali hata hivyo, kwa sababu kule kuvuta kunaweza kuumiza vya ndani. Alikuwa mzima, ila analalamika mbavu, na nyama yake bado ananidai.